Sisimizi kwenye mizabibu: shughulikia kiota, siyo shina

Ukiona msururu wa sisimizi ukipanda mzabibu, usikimbilie bomba la dawa. Shida iko kwa vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga wanaojificha chini ya magamba ya shina na katikati ya vichala. Vidung'ata hunyonya mmea na kutoa majimaji matamu. Sisimizi huyanywa, na kwa malipo hufukuza nyigu wadogo na mbawakavu ambao wangewamaliza vidung'ata. Majimaji yanayobaki huota ukungu mweusi kama masizi, na kichala cha namna hiyo hakiuziki.

Kupulizia msururu ni kupoteza fedha. Wanaotembea nje ni sehemu ndogo ya kundi. Malkia na mabuu wako ardhini, na dawa hiyo hiyo huua mbawakavu wanaokusaidia.

Tumia tabia ya sisimizi ya kulishana mdomo kwa mdomo. Yeyusha gramu 250 za sukari na gramu 10 za boraksi (unga mweupe wa madini) katika maji ya vuguvugu, kisha ongeza maji hadi ifike lita 1. Boraksi isizidi hapo, tafadhali: ikiwa kali, sisimizi hufia njiani kabla hajamlisha malkia. Lowesha pamba, itie kwenye chupa yenye matundu ya milimita 3 ili nyuki wasiingie, uiweke kivulini kando ya msururu, mbali na watoto na mifugo. Badilisha kila wiki, maana chambo kilichokauka hakiliwi.

Hujui viota ni vingapi? Chukua sisimizi watano wa msururu mmoja na watano wa mwingine, wa aina ileile, uwatie kwenye sahani. Wakigusana vipapasio na kutulia, huenda ni wa kundi moja. Wakiumana na kuvutana miguu, ni viota viwili, kwani kila kundi lina harufu yake. Kila kiota kipate chupa yake.

Ukishavuna na kupogolea, bandua magamba yaliyolegea uyachome. Funga utepe wa nailoni kwenye shina, sentimita 30 kutoka ardhini, upake grisi juu ya utepe. Grisi ikigusa gome huliunguza. Paka na nguzo, la sivyo watapita kwenye waya. Kwa upepo wa Dodoma wa Julai hadi Septemba, vumbi hufunika grisi na kuwa daraja, hivyo ikague kila baada ya siku chache.

Sisimizi wanaoishi katikati ya mistari bila kupanda mizabibu waache. Hao hukamata mchwa.