Ukishang'olewa gego la mwisho, linda damu iliyoganda

Baridi ya Mbeya inaita chai ya moto, lakini siku ya kwanza baada ya kung'olewa gego la mwisho, iache ipoe kabisa. Ng'ata pamba dakika 30 bila kuifunuafunua. Damu inayoganda shimoni ndiyo kifuniko cha mfupa; kutematema mate, kunywa kwa mrija au kuvuta sigara huiondoa. Ikitoka, siku ya 3 hivi maumivu hupanda hadi sikioni na mdomo hunuka. Hapo rudi kwa daktari wa meno, usibaki unameza dawa za maumivu tu. Saa 24 zikipita, sukutua polepole, bila nguvu: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Parachichi la Rungwe lililopondwa hushuka vizuri; ulanzi, ile pombe ya mianzi, usubiri.