Kupima miteremko ya Svalbard kwa QGIS, programu ya ramani

Juzi nilikaa na mdogo wangu anayesomea jiografia. Alikuwa anaandika juu ya mteremko wa Gruvefjellet, juu ya bonde la Longyeardalen huko Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo nyuzi 78 kaskazini. Ramani yake ilisema mteremko una nyuzi 8. Picha ilionyesha genge refu na marundo ya mawe chini yake.

Hatua ya 1. Pakua ArcticDEM, faili la vimo vya ardhi ya Aktiki, lenye pikseli za mita 2. Ni bure.

Hatua ya 2. Badilisha projeksheni, yaani njia ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa. Hapa mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nzima. Mdogo wangu alikuwa amelihamishia faili kwenye Mercator ya wavuti, projeksheni ya ramani za mtandaoni, ili lilingane na picha ya setilaiti. Ukipima Uluguru huoni tatizo: ni nyuzi 7 tu kutoka ikweta, kosa halifiki asilimia 1. Svalbard, Mercator inavuta umbali wa mlalo karibu mara 5 na urefu wa mlima unabaki uleule, kwa hiyo mteremko wa nyuzi 35 unasomeka 8. Tumia UTM kanda ya 33, projeksheni inayotunza umbali wa eneo hilo; msimbo wake ni EPSG:25833. Tena, usibadilishe msimbo wa projeksheni ulio kona ya chini kulia ya dirisha la QGIS ukadhani umemaliza! Huo ni wa mradi. Faili linabaki lilivyokuwa. Tumia Warp, zana ya kulihamisha faili lenyewe, na uchague bilinear, inayokadiria kimo kutoka pikseli za jirani, la sivyo utapata mistarimistari.

Hatua ya 3. Kokotoa mteremko kwa zana ya Slope.

Hatua ya 4. Chora wasifu, yaani mstari wa mteremko ukitazamwa kwa ubavu, kutoka ukingo wa juu hadi bondeni. Mimi huuamini kuliko ramani yoyote ya rangi. Marundo yakishuka kwa mstari ulionyooka, mawe yalidondoka mojamoja, barafu ikipanua nyufa za mwamba. Mstari ukibonyea na kuacha mkia mrefu bondeni, theluji ndiyo iliyoyabeba. Gruvefjellet ni hivyo: upepo wa kusini-mashariki husomba theluji ya kilele tambarare na kuining'iniza ukingoni, ikikatika, inashuka na mawe. Ikiyeyuka, unakuta kokoto zimekaa juu ya majabali.

Usiishie kwenye umbo, lakini. Anders Rapp, Mswidi aliyekuja baadaye kuchunguza mmomonyoko Tanzania, alipima miteremko ya Kärkevagge, kaskazini mwa Uswidi, kuanzia 1952 hadi 1960. Alikuta kilichoondoka zaidi ni chumvi zilizoyeyuka majini, na hizo haziachi rundo la kupima.