PC ya gemu, ya tayari au uunde mwenyewe? Kabla hujalipa angalia kile ambacho hawajakuandikia

Kila mtu akitaka kuingia kwenye gemu za PC swali la kwanza ni lile lile, ninunue iliyoundwa tayari au ninunue vipande niunde mwenyewe, na majibu anayopewa karibu yote ni ya bei tu, unda mwenyewe utaokoa hela, basi wamemaliza. Mimi nimeunda zangu na nimefungua nyingi za watu zilizonunuliwa tayari, na bei naona ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni siku mashine ikizingua nani ataifungua, na akishaifungua atakuta nini humo ndani.

Tuanze na bei maana najua ndo inayokuumiza kichwa. Kwa kawaida vipande ukivinunua mwenyewe vinakuja chini kidogo kuliko mashine nzima yenye sifa zile zile, kwa sababu aliyeiunda naye lazima alipwe kazi yake na waranti anayokupa. Lakini sio siku zote. Mwaka 2020 na 2021 kadi za grafiki, zile zinazochora picha za gemu, ziliadimika dunia nzima, wachimbaji wa sarafu za kidijitali wanazibeba kwa wingi, viwanda havikidhi, mpaka ikafika mahali mtu ananunua PC nzima ya tayari kwa sababu ndo ilikuwa njia nyepesi ya kuipata kadi iliyomo ndani. Kwahiyo usikariri. Chukua PC ya tayari unayoitamani, andika kila kipande kilichomo, tafuta bei ya kila kimoja siku hiyo hiyo, jumlisha na leseni ya Windows maana wengi wanaisahau wakati ya tayari huwa inakuja nayo, alafu ndo ulinganishe.

Na ukianza kupiga hesabu hiyo utagundua kitu. Kuna vipande huwezi kuvitafutia bei kwa sababu hawajakwambia ni vipi! Tangazo limeandika prosesa ambayo ndo ubongo wa mashine kwa jina na namba, kadi ya grafiki kwa jina na namba, RAM yani memori ya kazi GB 16, SSD yani diski ya kuhifadhia TB 1, na picha nzuri ya taa za rangi. Pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani, ni ya nani? Mazabodi, ubao unaounganisha vyote, ni ipi? RAM ni moja au mbili, spidi yake ngapi? Kimya. Na kwa nilizozifungua, waliponyamaza ndipo walipobania, yani hela imewekwa kwenye majina mawili yanayouza mashine alafu kwingine kote imekatwa. Ndo maana namwambia kila anayeniuliza aisome karatasi ya sifa akitafuta kilichokosekana.

Pawa saplai ndo ya kwanza. Ikiwa mbovu kila kilichoungwa nayo kiko hatarini, na dalili zake zinachanganya sana, mashine inazima ghafla katikati ya gemu na wewe unailaumu kadi. Ukiona wameandika wati tu bila jina wala modeli, uliza, na wakishindwa kukujibu hama. Alafu ile alama ya 80 Plus isikutulize peke yake, inapima ufanisi, yani umeme kiasi gani unapotea kama joto, haikwambii kama vipande vya ndani ni imara.

RAM ndo pa pili. Prosesa za kawaida za gemu zinasoma RAM kwa njia mbili, sasa ukiwekewa RAM moja ya GB 16 inatumika njia moja tu, na kwenye gemu nyingi unapoteza fremu, yani picha kwa sekunde, ambazo ungezipata kwa mbili za GB 8. Muuzaji hajadanganya, GB 16 ni GB 16, ila sio kitu kile kile. Kwenye kadi ya grafiki nako jina moja linaweza kubeba vitu viwili tofauti. Kadi ya Nvidia RTX 3060 ipo ya GB 12 na ipo ya GB 8, na ile ya GB 8 hata njia yake ya memori ni nyembamba zaidi, biti 128 badala ya 192. RTX 4060 Ti nayo ipo ya GB 8 na ya GB 16. Kwahiyo tangazo lisilotaja memori ya kadi halijamaliza kukwambia unanunua nini.

Sasa mazabodi na keisi, yani kasha la mashine, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa nimeona mtu akiumia. Kuna kipimo kinaitwa ATX, Intel walikitoa mwaka 1995, na faida yake ni kwamba mazabodi ya kampuni hii inaingia kwenye keisi ya kampuni ile na pawa saplai ya kampuni nyingine kabisa. Ukiunda mwenyewe uko ndani ya utaratibu huo bila hata kufikiria. Lakini baadhi ya kampuni kubwa zinazouza mashine za tayari zinatengeneza mazabodi zenye umbo lao na pawa saplai zenye plagi zao. Rafiki yangu alinunua moja ya hivyo, ikampeleka vizuri kama miaka miwili, akanunua kadi mpya akaniita nimsaidie kuifunga. Nikafungua ubavu. Waya mkubwa wa kwenda kwenye mazabodi ambao kawaida una pini 24 haupo, kuna plagi ndogo ambayo sijawahi kuiona, pawa saplai ni bapa na nyembamba, na ule waya wa pini 8 ambao kadi yake mpya inautaka hamna kabisa. Nikamwambia basi tubadilishe pawa saplai. Ya kawaida haiingii. Tubadilishe mazabodi. Matundu ya skrubu hayalingani na keisi. Yani ili afunge kadi moja ilibidi abadilishe karibu kila kitu isipokuwa prosesa, RAM na SSD, na ile kadi ikakaa kwenye boksi miezi akijipanga upya. Yule jamaa hakukosea kununua ya tayari, alikosea kutouliza swali moja tu: mazabodi na pawa saplai ni za kipimo cha kawaida au ni zenu wenyewe? Uliza hilo, na uombe picha ya ndani mashine ikiwa wazi.

Sababu ya kung'ang'ania hili ni kwamba mashine ya gemu hainunuliwi mara moja, unaiongezea. Waliochukua mazabodi za AM4, yani soketi au tundu la kukalia prosesa za AMD, mwaka 2017 wengi wao waliweza kufunga prosesa ya Ryzen 7 5800X3D iliyotoka 2022, ni kusasisha tu BIOS, ile programu ndogo ya kwenye mazabodi inayoiwasha mashine, miaka mitano baadaye mashine ikapata nguvu mpya bila kubadili mazabodi wala RAM. Hiyo raha unaipata kama vipande vyako vinabadilishika.

Basi kuunda mwenyewe. Mikono yenyewe haina ugumu ambao watu wanaudhani, bisibisi moja ya nyota, meza pana, mwanga wa kutosha na nusu siku isiyo na haraka. Ugumu uko kabla, kwenye kuchagua. Soketi ya mazabodi ilingane na prosesa. RAM za kizazi cha DDR4 na cha DDR5 haziingiliani hata kwa nguvu, mkato wake uko sehemu tofauti. Pima urefu wa kadi na kimo cha kipoza prosesa ulinganishe na keisi. Tovuti kama PCPartPicker itakusaidia kuona vinavyogombana, ila bado fungua ukurasa wa mazabodi yenyewe uone orodha ya prosesa inazozikubali na ni BIOS toleo gani, maana unaweza kununua mazabodi na prosesa za soketi moja na bado zisiwake kwa sababu mazabodi ilitoka kiwandani kabla prosesa haijazaliwa. Kama ina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa, umejiokoa. Na prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina grafiki za ndani, ukiwa nayo alafu kadi ikaharibika huna hata picha ya kuanzia kutafuta tatizo, mi huwa naikwepa kama tofauti ya bei ni ndogo.

Wakati wa kufunga, makosa yanajirudia yale yale. Plastiki iliyo chini ya kipoza prosesa haijabanduliwa, alafu mtu anashangaa joto. RAM mbili zimewekwa sloti zozote, wakati kwenye mazabodi za sloti nne kwa kawaida ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Waya wa pini 8 wa prosesa ule wa juu kwenye kona umesahaulika, feni zinazunguka taa zinawaka lakini hakuna picha. Na hili la mwisho lina madhara makubwa: waya za pawa saplai zinazochomoka usizichanganye na za pawa saplai nyingine, upande wa kwenye mazabodi zinafanana ila upande wa kwenye pawa saplai kila mtengenezaji amepanga pini anavyotaka, hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana, na ukikosea unaunguza diski au mazabodi papo hapo. Ukibadilisha pawa saplai badilisha na waya zake zote.

Alafu ile mara ya kwanza kuwasha. Mashine yangu ya kwanza ya DDR5 niliiwasha usiku, feni zikazunguka, monita nyeusi. Dakika moja, mbili, nikazima nikawasha tena, nyeusi, nikachomoa RAM nikarudisha, nyeusi, nikashaanza kupanga ni kipande gani nitakirudisha dukani. Kumbe kila nikizima nilikuwa naikatisha, kwa sababu DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza mazabodi inajifunza memori kwanza na inaweza kuchukua dakika kadhaa bila picha yoyote. Nikaiacha tu, nikakaa mbali nayo kabisa, nikarudi nikakuta ukurasa wa BIOS umefunguka na RAM yote inasomeka. Kwahiyo wewe ukifika hapo, subiri, toka nje upunge upepo.

Nimeisimulia hiyo kwa sababu ndo kipimo changu cha nani aunde na nani asiunde. Ukiunda, waranti ipo, tena pawa saplai nzuri zinafika hadi miaka 10, lakini kila kipande kina waranti yake kwa mtu wake, na kabla hujampelekea yeyote lazima wewe ujue ni kipi kimekufa. Kwenye ya tayari mlango ni mmoja, unaipeleka nzima wanahangaika wenyewe. Kama mashine hiyo hiyo ndo ya kazi au masomo na huna nyingine, au ukiona monita nyeusi usiku unakosa usingizi, nunua ya tayari bila aibu yoyote, sio kwamba umeshindwa. Kama unapenda kujua kwanini kitu kimekataa, unda, utaifurahia zaidi ya gemu zenyewe.

Na kuna njia ya katikati ambayo nadhani inawafaa watu wengi sana na haitajwi: chagua vipande vyote mwenyewe, kila kimoja kwa jina na modeli, alafu lipia wanaofunga wakufungie wakiijaribu mbele yako. Unapata mashine ya kipimo cha kawaida, unajua kila kilichomo, na ile hatari ya kuvunja pini siku ya kwanza sio yako.

Ukiamua ya tayari, kabla ya kuwasha fungua ubavu. Nyingine husafirishwa na sponji ndani la kuishikilia kadi, litoe, alafu angalia kama kadi imekaa mpaka mwisho na hakuna waya uliochomoka njiani. Kebo ya monita ichomeke kwenye kadi, zile tundu za chini zilizolala, sio kwenye mazabodi, nimekuta watu wamecheza wiki nzima na grafiki za prosesa wakati kadi yao ya bei imekaa bure. Ingia BIOS uwashe XMP kama prosesa ni Intel au EXPO kama ni AMD, ndo mpangilio unaoipa RAM spidi yake kamili, bila hivyo RAM ya spidi 6000 inaweza kuwa inakimbia 4800. Kwenye mipangilio ya skrini hakikisha monita ya 144 Hz, yani inayobadili picha mara 144 kwa sekunde, haijabaki kwenye 60. Alafu icheze gemu nzito saa kadhaa kwa siku kadhaa huku unaangalia joto la prosesa na la kadi, hasa kama keisi mbele ni kioo kitupu kisichopitisha hewa, na ufanye hivyo ndani ya muda ambao bado unaruhusiwa kuirudisha. Boksi na yale masponji usitupe mpaka muda huo upite, ikibidi kuirudisha utahitaji kuipaki kama ilivyokuja.