Kupanda Kilimanjaro kwa Njia ya Marangu Wakati wa Theluji

Theluji huweza kuanguka Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, mwezi wowote, lakini anayepanda wakati wa masika au vuli hana budi kujiandaa kuikuta. Huko chini, msituni hadi kambi ya Mandara (mita 2,720), utakutana na mvua tu, na jukumu lako kubwa ni kulinda nguo za usiku wa kilele zibaki kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa kuwa nguo iliyolowa haikauki tena huko juu.

Ukifika kambi ya Horombo (mita 3,720), lala siku mbili. Mwili utauzoea mwinuko, na mwongozaji atapata nafasi ya kusoma hali ya hewa. Kabla hamjaendelea, hakikisha wapagazi nao wana viatu na makoti ya baridi. Usikubali kuondoka bila hayo.

Safari ya kilele huanza kambi ya Kibo (mita 4,720) karibu saa sita usiku. Theluji mpya hufunika njia inayopinda kwenye kokoto, kwa hiyo kanyaga palepale alipokanyaga mwongozaji, ukichimbia ncha ya kiatu kabla ya kuhamisha uzito. Chupa ya maji ibebe kichwa chini, maana maji huanza kugandia juu, na mpira wa kunywea maji kutoka kwenye mkoba usiutegemee kabisa. Betri za akiba za taa ya kichwani ziweke ndani ya nguo, karibu na mwili.

Sehemu ninayoihofia zaidi ni ile inayofuata Gilman's Point (mita 5,685), ambako njia huzunguka ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, na theluji iliyokanyagwa hugeuka barafu. Hapo funga meno ya chuma chini ya viatu, na jua likichomoza vaa miwani myeusi hata kama kuna mawingu, kwa sababu mwanga unaorudishwa na theluji huunguza macho.

Kubalianeni saa ya kugeuka mkiwa bado kambini Kibo, wakati akili imetulia, kwani theluji nzito huongeza saa nyingi na mtu aliyekikaribia kilele cha Uhuru (mita 5,895) hasikii ushauri. Anayeyumba kama mlevi, anayepayuka, au anayehema hata akiwa amekaa, ashushwe papo hapo, asisubiri kupambazuke. Wakati wa kushuka tangulizeni kisigino, mkiacha nafasi kati ya mtu na mtu, ili anayeteleza asimwangushe wa mbele.