Namna ya Kukagua Nyumba ya Familia Pembezoni mwa Dar es Salaam Kabla ya Kuinunua

Anayetafuta nyumba ya familia Goba, Madale, Mbezi au Kigamboni huonyeshwa kwanza sebule, vigae na jiko, ilhali mengi yatakayoipa familia yake raha au karaha kila siku yako nje ya geti. Jiko baya hubomolewa likajengwa upya, lakini njia ya maji ya mvua haihamishwi na mwenye nyumba mmoja. Kwa hiyo ukaguzi uanzie mtaani.

Nenda wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na ufike mara mvua inapokatika, ikiwezekana bila dalali. Tazama maji yanatoka wapi na yanaelekea kwa nani. Ukuta wa uzio ukiwa na mstari wa tope ulionyooka, au ukiwa umepakwa rangi mpya sehemu ya chini tu huku juu imepauka, shuku kwamba maji yalikwisha kufika hapo. Ingia ndani usogeze kabati, kisha upitishe kiganja ukutani: lipu inayomenyuka na kuacha unga mweupe wa chumvi ni dalili kwamba unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Kiwanja kilicho kando ya mto au ufuko kipimwe kwa futi kamba, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60.

Kuhusu maji ya kutumia, mita ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, peke yake haithibitishi kwamba maji yanatoka. Usiridhike na bomba la jikoni, ambalo mara nyingi hulishwa na tangi la juu na litatiririka hata kama mgao umekatika kwa siku kadhaa. Fungua bomba la nje lililo karibu na mita, kisha umuulize jirani maji hutoka siku zipi. Kama nyumba inategemea kisima, yaonje maji yake, maana visima vingi vya ukanda huu vina chumvi. Hakikisha pia gari la kunyonya maji taka linaweza kulifikia shimo.

Shule, zahanati, soko na kituo cha daladala viendee kwa miguu, kwa mwendo wa mtoto, saa kumi na mbili asubuhi, ukiangalia kama kuna barabara kubwa atakayolazimika kuivuka peke yake.

Mtaa ukikuridhisha, ndipo ugeukie nyaraka. Ofisi ya serikali ya mtaa itakueleza migogoro inayojulikana, lakini umiliki wa kiwanja chenye hati huthibitishwa kwa upekuzi katika ofisi ya ardhi, ambako utaona pia kama nyumba imewekwa rehani benki. Dai risiti za kodi ya ardhi. Iwapo muuzaji ana ndoa na nyumba hiyo ndiyo makazi ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka apate ridhaa ya mwenzi wake. Ipate kwa maandishi, ikiwa imesainiwa mbele ya wakili, kabla hujatoa hata malipo ya awali.