SOMO: Kujiunga na klabu ya jogging hapa Dar. Soma lote kabla ya kuuliza

Wakuu, kila mwaka mpya ukiingia maswali ni yale yale: nianzie wapi, bei gani, lazima jezi? Naandika mara moja. Ukiulizwa na mwenzio, mlete hapa.

1. Tafuta klabu ya mtaani kwako. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi toka nje usimame kando ya barabara. Utasikia filimbi na nyimbo kabla hujawaona. Klabu ya mbali itakushinda kwa nauli.

2. Muone katibu, jitambulishe, omba kukimbia kama mgeni wiki tatu au nne. Klabu inayotaka pesa kabla hujakimbia nayo hata mara moja, achana nayo.

3. Siku ya kwanza kaa mkiani. Kipimo ni wimbo: ukishindwa kuitikia kiitikio, umezidisha mwendo. Punguza, au tembea kidogo kisha uendelee. Glasi moja ya maji nusu saa kabla inatosha. Supu na chapati ni za baadaye. Kuanzia Desemba hadi Machi hewa ya Dar ina unyevu mwingi, jasho linatiririka badala ya kukauka, na mwili haupoi. Ukisikia kizunguzungu, au baridi juani, simama na umwambie kiongozi wa nyuma.

4. Soma katiba, hasa kifungu cha michango, KABLA ya kutoa kiingilio. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Klabu za jogging ni za mbio kwa saa moja na nusu. Wiki inayobaki ni za misiba, harusi, wagonjwa na mialiko. Huo ndio uzuri wake, lakini ujue unaingia wapi. Uliza haya na upate majibu yaliyoandikwa:

- Ada ya mwezi ni nini na mchango wa dharura ni nini? Ada ya 5,000, kwa mfano, ni 60,000 kwa mwaka, na hapo hujagusa msiba hata mmoja.
- Msiba wa nani unahesabiwa? Mzazi, mwenza na mtoto ni kawaida. Wakwe, ndugu wa kuzaliwa na mzazi mlezi hutofautiana klabu kwa klabu, na ugomvi mwingi huanzia hapo.
- Mwanachama mpya anaanza kusaidiwa baada ya muda gani? Kama katiba inasema miezi mitatu na ukafiwa mwezi wa pili, mwenyekiti akikunyima hajakuonea.
- Ukiwa na deni, haki yako inasimama?
- Mialiko: klabu nyingine ikija kwenye maadhimisho yenu, nanyi mnadaiwa kwenda kwao. Nauli na mchango wa mwaliko vinatoka mfuko gani?

ONYO: kama kuna kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) ndani ya klabu, hicho ni kitu kingine. Kukimbia hakukulazimishi kununua hisa wala kumdhamini mtu mkopo. Na usitume pesa kwenye namba binafsi ya mhazini bila risiti. Klabu iliyojipanga ina akaunti ya benki au ya kikundi kwenye simu, ambayo mtu mmoja hawezi kutoa pesa peke yake.

5. Jaza fomu. Picha ndogo, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), jina na simu ya mtu wako wa karibu. Kama una presha, pumu au kisukari, andika. Usifiche kwa aibu. Anayekubeba ukianguka anatakiwa ajue. Na pita kliniki kwanza.

6. Jezi nunua mwisho.

MASWALI

Mdau wa Tabata: Mkuu, kujiunga ni shilingi ngapi?

Jibu: Hatua ya 4. Kila klabu ina bei yake.

Mdau wa Tabata: Sasa si ungetaja hata makadirio?

Jibu: Nikitaja, kesho utamgombeza mhazini wa watu kwamba kakupiga. Muulize katibu wa klabu yako.

Mdau wa Kijitonyama: Hizi jogging ni kelele tu, mnaziba barabara watu wanawahi kanisani.

Jibu: Klabu isiyo na waongozaji wenye filimbi na viakisi mwanga inakosea, hilo nakubali. Kelele ni nyimbo, na nyimbo ndizo zinazowashikanisha watu sitini mwendo mmoja. Ukikimbia peke yako, kaa upande wa kulia uyaone magari yanayokujia.

Dada wa Mbagala: Samahani kaka, nikikimbia naumia ugoko kwa mbele, tena kwa ndani. Wiki ya pili sasa. Niache?

Jibu: Asante kwa kueleza vizuri, dada yangu. Mara nyingi ni kuongeza umbali haraka kwenye lami, au raba iliyokwisha. Pumzika mpaka utembee bila maumivu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15, kisha rudi na nusu ya umbali, ikiwezekana kwenye mchanga mgumu au uwanja wa shule. Ila ukibonyeza mfupa sehemu moja tu ukaruka kwa maumivu, au unauma hata ukiwa umelala, nenda hospitali: unaweza kuwa ufa. Raba ya mtumba usiiangalie juu. Iweke mezani uitazame kwa nyuma: ikiegemea upande mmoja, iache. Ikunje: ikikunjika katikati badala ya penye vidole, imekufa.

Mdau wa Temeke: Naongezea: ikilowa, jaza magazeti ndani uweke kivulini. Jua kali linaachanisha gundi.

Jibu: Sahihi kabisa. Na mafuta ya mgando mapajani na kwapani kabla ya kutoka, msichubuke.

Mdau wa Ukonga: Klabu inaweza kunipeleka Kilimanjaro Marathon?

Jibu: Nyingi hukodi basi pamoja, lakini usajili na namba ya kifuani ni vya mtu binafsi. Mbio huangukia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na vyumba Moshi hujaa mapema. Ukitaka kilomita 21, jua njia inapanda kuelekea Mweka. Tambarare ya Dar haikuandai kwa hilo. Tafuta vilima vya Pugu na Kisarawe mara moja kwa wiki, upande taratibu kwa hatua fupi. Kushuka ndiko kunakoua mapaja, kwa hiyo fanyeni mazoezi ya kushuka pia.

Mdau mwingine: Lazima jezi?

Jibu: Hatua ya 6.