Kukisia Aina ya Paka Uliyemchukua kwa Kusoma Manyoya Yake

Paka aliyeokotwa nyuma ya vibanda vya Kibuye, Kisumu, au uliyepewa na jirani kule Section 58, Nakuru, karibu kila mara ni paka wa kienyeji: hana aina maalumu, na wazazi wake walichaguana wenyewe. Aina nyingi zinazotajwa mtandaoni ziliundwa na wafugaji baada ya maonyesho makubwa ya paka ya London, 1871, kwa kupandisha paka waliochaguliwa na kuandika nasaba yao. Milia na mabaka yalikuwepo kabla ya hapo. Kwa hiyo manyoya hukuonyesha jeni alizobeba paka, lakini kuhusu ukoo wake hayasemi mengi. Kazi yako kubwa itakuwa kukataa majina yasiyomfaa.

Usiharakishe na mtoto. Watoto wote wa paka huwa na macho ya buluu katika wiki za mwanzo, kwa hiyo macho hayo si ushahidi wa Siamese, aina ya paka wenye macho ya buluu. Pia mama akiugua wakati wa mimba, watoto wanaweza kuzaliwa na rangi ya kijivu-fedha inayotoweka miezi michache baadaye. Akifika miezi sita, unaweza kumsoma kwa uhakika zaidi.

Mweke nje asubuhi, kwenye mwanga wa kawaida, na kisahani cha omena mbele yake ili atulie. Mpige picha sita bila flashi: ubavu wa kulia, wa kushoto, mgongo kutoka juu, uso, mkia na tumbo. Mchane, kisha utandaze nywele zilizotoka juu ya karatasi nyeupe. Nywele zenye pete za rangi iliyofifia na iliyokolea, zikipishana kwenye unywele mmoja, ni za paka wa milia hata kama milia yenyewe haionekani vizuri. Zote zikiwa na rangi moja toka shina hadi ncha, ni za paka wa rangi tupu.

Sasa tazama ubavu. Usianzie kwenye ile alama ya M kwenye paji la uso. Paka wote wa milia wanayo, haitenganishi chochote. Ubavuni kuna michoro minne. Milia myembamba inayoshuka kutoka mgongoni ndiyo ya kawaida kabisa. Milia hiyo ikikatikakatika huwa madoa, na hapo ndipo watu hukimbilia kusema Bengal. Lakini Bengal ni chotara wa paka wa nyumbani na chui-paka wa Asia, na madoa yake mengi yana kingo zilizokolea na katikati iliyofifia. Madoa yaliyojaa rangi moja hayatoshi kumpa jina hilo. Mchoro wa tatu ni mabaka mapana yanayojizungusha ubavuni. Huu unatokana na jeni fiche: paka lazima airithi kwa baba na kwa mama ndipo mchoro utokee. Wa nne hauna milia mwilini, ila nywele zenye pete tu, kama za Abyssinian. Milia inaweza kubaki miguuni, mkiani na usoni.

Mchoro wa tatu ndio unaowachanganya Wakenya, kwa sababu ya Sokoke, aina iliyotokana na paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi. Sokoke ana mabaka hayo ya mzunguko, kweli, lakini ndani ya mabaka meusi mna nywele zenye pete, mwili ni mwembamba, na miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele. Paka mnene wa Kondele mwenye mabaka mazuri ni paka mwenye mabaka mazuri, basi.

Paka wa rangi ya chungwa huonyesha milia daima, kwa kuwa jeni inayofuta milia kwa paka weusi haifanyi kazi kwenye rangi hiyo. Mwenye mabaka meusi na ya chungwa pamoja karibu daima ni jike. Ukiambiwa ni dume, inua mkia uhakikishe. Paka mweusi anayegeuka mwekundu-kahawia anaweza kuwa amechomwa na jua, au anakula ugali na maziwa bila nyama wala samaki wa kutosha, hajabadilika aina.

Rangi iliyokolea usoni, masikioni, miguuni na mkiani huku mwili ukiwa mweupe-maziwa inategemea joto: rangi hujitokeza pale ngozi ilipo baridi. Paka huyo akilelewa kwenye baridi ya Molo huelekea kukolea mwili kuliko akilelewa Kisumu, na akinyolewa ubavuni kwa upasuaji wa kufunga uzazi, nywele zinaweza kuota zikiwa nyeusi zaidi kwa muda. Jeni hiyo imeenea kwa machotara wengi. Ni dalili ya Siamese, si cheti.

Kijivu hakimfanyi Russian Blue, wala manyoya marefu hayamfanyi Persian. Zote mbili ni jeni fiche zinazoweza kuibuka kwa wazazi wa kawaida wa manyoya mafupi. Muuzaji anayekudai bei ya Persian akuonyeshe uso bapa na hati za wazazi.

Kagua pia kama ni paka wa nyumbani kweli, hasa aliyeokotwa mashambani kando ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Mondo ana masikio makubwa yaliyokaribiana, meusi kwa nyuma yenye baka jeupe, na mkia mfupi. Paka-mwitu ana miguu mirefu, wekundu nyuma ya masikio, na mkia wenye pete na ncha nyeusi. Ukiwa na shaka, piga simu Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kabla ya kumlea. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013.

Kwenye kadi ya chanjo, mahali pa aina, mwambie daktari aandike: «Kienyeji, manyoya mafupi, milia myembamba ya kahawia, kidevu na soksi nyeupe, ncha ya mkia nyeusi.» Akipotea, maneno hayo ndiyo yatakayobandikwa ukutani.